Nguvu za Kumshusha Mama

Mamangu alizikwa Msambweni baada ya sala ya adhuhuri, na mimi, mwanawe wa pekee wa kiume, sikushuka kaburini kumpokea. Nilisimama juu, kiuno kimefungwa mkanda wa hospitali chini ya kanzu, nikawatazama watu wengine wakiifanya kazi yangu. Kwa asiyejua desturi yetu nitaeleza. Mwanamke akifariki, wanaoshuka kumpokea na kumlaza ni maharimu zake, yaani wanaume wa damu yake ambao hawangeweza kumwoa: mwanawe, ndugu yake, mjukuu wake. Wa kwanza kutazamwa ni mwana. Nilitazamwa, na nilitikisa kichwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikienda gym kwa ajili ya siku hiyo, na si kwa jambo jingine.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Ukunda na kazi yangu kubwa ni sare za hoteli za Diani: mashati ya wahudumu, aproni za jikoni, suruali za mabawabu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekaa kitako tangu asubuhi hadi jioni. Kazi hii imenipa jicho la kumpima mtu kabla hajafungua mdomo. Imenipa pia kitambi, mabega yaliyoangukia mbele, na kifua ambacho mama alikiita kifua cha njiwa.

Yeye mwenyewe alikuwa mnene, na alijivunia unene wake. Alisema mwanamke mwembamba hukaa kama aliyekuja kuazima kiti. Aliishi Msambweni na dada yangu, na mimi nilikuwa nikienda kuwaona kila Jumapili na siku moja katikati ya wiki, kazi ikiruhusu.

Jumapili moja nilimkuta ametoka matangani kwa rafiki yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia nisimame palepale mlangoni anitazame. Akanitazama juu mpaka chini.

“Mwenzangu wamemzika jana,” alisema. “Nasikia mwanawe alishuka, akamshika, mikono ikamtetemeka hata mtu mwingine akalazimika kuingia kumsaidia. Na mwenzangu alikuwa nusu yangu. Sasa mie na mwili huu, na wewe na kifua hicho cha njiwa, si tutaangushana?”

Dada yangu alicheka hata akaacha kukuna nazi. Mama naye alicheka, maana mauti hayakumtisha kuyataja, tofauti na wazee wengi wa rika lake. Mimi nilicheka nao, lakini niliporudi Ukunda nilikuwa nimeshakasirika. Nina hasira za karibu, na hasira zangu hazikai bila kufanya kitu. Kesho yake alasiri nilifunga kibanda mapema nikaenda gym.

Ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Mikeka myeusi ya mpira sakafuni, kioo ukuta mzima, feni moja iliyowapepea waliowahi kufika. Wengi walikuwa vijana wa hoteli waliojipiga picha zaidi ya walivyonyanyua. Mwalimu alikuwa mtu wa bara wa miaka thelathini na kitu, aliyewahi kufanya kazi katika hoteli kubwa ya ufukweni, mpole kuliko mwili wake ulivyoonyesha. Aliniuliza ninachotaka.

“Nataka nguvu za kuinama nikamnyanyua mtu,” nilimwambia.

“Mtu wa kilo ngapi, mzee?”

“Mtu mnene.”

Alitabasamu akatazama pembeni. Nadhani alifikiri ni mambo ya ndani ya nyumba yangu, na mimi sikumsahihisha. Ningemwambiaje mtu nisiyemjua kwamba nimekuja kujifunza kumzika mamangu, naye yu hai anakula mihogo Msambweni?

Mpango alionipa ulikuwa mwepesi mno, na hilo ndilo lililonichukiza. Siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika baina yake. Kuchuchumaa na kuinuka, mwanzo bila kitu, halafu na chuma kitupu, yaani fimbo isiyotiwa uzito, mabegani. Kukinyanyua chuma hichohicho kutoka sakafuni, mgongo umenyooka, magoti yakifanya kazi. Kutembea jioni. Kulala mapema.

“Tunajenga mgongo na miguu kwanza,” alisema. “Hizo zingine zitakuja zenyewe. Wiki nne chuma tupu, halafu tutaona. Na usijipee presha, mzee.”

Nilimwona kama anayenidharau. Mtu mzima, baba wa watoto, nachuchumaa mbele ya kioo kama niliyeangusha pini. Alipogeuka kuwashughulikia wengine, nilikwenda kwenye benchi, nikalala chali na kusukuma chuma chenye uzito kama nilivyowaona vijana wakifanya. Nikasukuma tena na tena mpaka mikono ikagoma.

Kesho yake sikuweza kutia uzi kwenye sindano. Nilikuwa nikiinua mkono unashuka wenyewe. Nilishona kola za mashati sita ya mhudumu mmoja wa Diani, na aliporudi kuyachukua akalivaa moja, akajitazama, akaniuliza kwa adabu kama kola ilikusudiwa kumtazama jirani. Niliyafumua yote sita. Kwa muda wa wiki mbili nzima sikukanyaga gym, nikajiambia kwamba mambo yale ni ya wasio na kazi.

Mwalimu ndiye aliyenirudisha. Alinipigia simu akasema, “Hata ukija ukae tu, mzee, wewe kuja.” Nilikwenda kwa aibu. Hakunisema. Alinipa chuma kitupu, nikaanza upya, na kwa wiki kadhaa nilimtii. Nilikuwa nikipanda ngazi za pale bila kushika ukuta, na mke wangu aliniambia kwamba nimeacha kukoroma. Laiti ningeendelea hivyo, leo ningekuwa na habari nyingine ya kusimulia.

Kilichoniharibu ni futi yangu mwenyewe. Fundi hawezi kukaa na kitu asikipime. Ijumaa moja asubuhi, kabla sijafungua kibanda, nilijizungushia futi kifuani, kisha mkono wa juu, nikaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wangu. Baada ya wiki nne nikajipima tena. Kifua kilikuwa kimeongezeka karibu inchi moja. Nilipima mara tatu kwa sababu sikuamini, na mara ya tatu nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Tangu hapo sikufanya mazoezi kwa ajili ya mtu yeyote isipokuwa futi. Futi haipimi uwezo wa mtu kuinama. Haina habari na mgongo, wala na mapaja yanayoinuka na mzigo. Inajua kifua, bega na mkono, na mimi nikavipa vitu hivyo vitatu kila nilichokuwa nacho. Siku tatu zikawa tano. Kuchuchumaa nikakuacha, kwa kuwa hakukuniletea hata robo ya inchi. Chuma cha sakafuni nikakipita kama ninavyompita mtu ninayemkwepa njiani.

Nilianza kujishonea mashati ya kubana. Wateja waliona. Mpishi mmoja aliniuliza siri, nikampa mawaidha ya dakika kumi, mimi niliyekuwa na miezi minne tu ya mazoezi. Mke wangu alilishika shati moja jipya akalitazama mwangani, akasema, “Na hili unamshonea nani?”

Mwalimu alijaribu. Siku moja alisimama kando ya benchi, akangoja mpaka nilipomaliza, akasema, “Mzee, wewe unajenga shati. Yule mtu mnene uliniambia utamnyanyua na nini? Na kifua?”

Nilimwambia kwamba nguvu ni nguvu. Aliinua mabega akaenda zake. Nilikuwa nikimlipa kunifundisha, na nilikasirika kila aliponifundisha. Huo ndio ukweli, na sina jina zuri la kuupa.

Kwa kuwa siku za gym zilikuwa tano, siku za Msambweni zilipungua. Ile ya katikati ya wiki ilikufa kwanza. Halafu Jumapili ikawa kila baada ya wiki mbili, na mara nyingine ikawa simu tu. Mama hakulalamika.

“Vyuma vinaendaje?” alikuwa akiniuliza.

“Kifua inchi moja na nusu, mama.”

“Haya. Basi mie niko tayari, nakungoja wewe tu.”

Nilicheka kila aliposema hivyo. Sauti yake kwenye simu ilikuwa ileile, nene na yenye mzaha, na mimi niliichukua sauti kuwa ndiyo afya.

Kisha dada alinipigia asubuhi moja, akasema mama hajisikii vizuri, ameshindwa hata uji, na ingefaa nije. Nilifika kabla ya adhuhuri. Nilimkuta amelala, amejifunika shuka mpaka kidevuni ingawa kulikuwa na joto. Uso ulikuwa umepungua, na nilisema moyoni kwamba ni ugonjwa wa siku mbili tatu. Alikuwa na sukari kwa miaka mingi na tulishazoea kumwona akianguka na kuinuka. Nilimwamkia, akaniitikia. Nilikaa naye mpaka alasiri. Dada alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia daktari hakuonyesha matumaini makubwa, kisha akalia kwa kujifunika mtandio.

Njiani kurudi Ukunda kitu kimoja kilinijaa kichwani, na hadi leo naona aibu kwamba kilikuwa hicho. Sikufikiria dawa. Sikufikiria kulala Msambweni usiku ule. Nilifikiria kwamba siku imekaribia na mimi sijawahi kunyanyua kitu chochote cha maana kutoka chini. Miezi kumi ya gym, na nilikuwa nimejifunza kusukuma nikiwa nimelala chali. Hakuna anayemzika mamake akiwa amelala chali.

Sikupitia nyumbani. Nilipanda ngazi na nguo nilizovaa safarini. Mwalimu hakuwapo, alikuwa amekwenda hotelini kuwafanyisha wageni mazoezi. Nikakiendea kile chuma cha sakafuni nilichokuwa nikikikwepa. Nilikaa nikakadiria uzito wa mama, mama ninayemjua, aliyeujaza mlango, na nikatia chuma huku na huku mpaka nikaona umefika. Mtu mmoja aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia ashughulike na yake.

Niliinama kama ninavyoinamia kitambaa kilichoanguka, kiuno juu, mgongo umejikunja, nikavuta. Chuma kiliachana na sakafu kwa upana wa kiganja. Halafu kitu mgongoni kiliachia, na nikajikuta nimepiga magoti, nimeshikilia ukingo wa benchi, nimeshindwa kwenda mbele wala nyuma. Walionishusha ngazi walikuwa wanne, nami nilipiga kelele kila ngazi.

Hospitalini niliambiwa hakuna kilichovunjika, ila misuli imechanika na nisiiname wala kubeba kitu kwa wiki nyingi. Walinifunga mkanda. Mke wangu alinilaza ubavu. Kwa siku nne nilizungumza na Msambweni kwa simu, nikisema nina maumivu kidogo, nitakuja kesho. Siku ya tano dada ndiye aliyenipigia. Nilisikia wanawake wakilia nyuma yake, nikajua.

Tulikwenda kwa gari la kukodi, nimeegemezwa mito. Nilisalia jeneza nimesimama. Sikulibeba, nililifuata tu, na watu waliokuwa wakipokezana begani walinipita mmoja mmoja. Pale kaburini kitambaa cha stara kilitandazwa juu, na mjomba, ndugu yake mama, mzee mwembamba wa zaidi ya miaka sabini, akanisogelea.

“Utashuka?” aliniuliza kwa sauti ya chini.

“Siwezi, mjomba. Mgongo.”

Alivua viatu akashuka yeye, na mpwa wangu, mwana wa dada, mwanamume anayewapeleka wageni kisiwani Funzi kwa boti na ambaye hajawahi kuingia gym maishani mwake, akashuka upande wa pili. Niliona mikono yao ikiinuka chini ya kitambaa kumpokea mama. Sikuona mengine.

Kilichonivunja kilikuja baadaye. Watu waliinama kuteka mchanga, kila mmoja mateko yake matatu, na mimi sikuweza kuinama hata kwa hilo. Nilisimama na mikono mitupu. Mpwa wangu alikuwa ameshatoka, udongo umemshika mpaka viwikoni. Alinitazama, akateka mchanga akanitia kiganjani, nikautupa. Akateka tena. Mara tatu alinitilia mchanga mkononi kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Dada hakunilaumu, wala hakunizungumzisha sana. Ulipita muda kabla hajaniambia neno zaidi ya karibu na kwaheri, na mimi niliona ni haki.

Daktari aliponiruhusu, nilirudi gym. Wengi walifikiri sitarudi, na mimi pia nilifikiri hivyo. Lakini kukaa kitako kibandani nikiwaza kulikuwa kubaya zaidi. Mwalimu alikuwa ameshasikia. Alinipa pole ya mama, kisha akaniwekea fimbo ya ufagio mikononi. Hata chuma kitupu kilikuwa bado kizito kwangu. Nilichuchumaa na fimbo ya ufagio mbele ya vijana wote, na sikuona haya.

Tangu siku hiyo nafanya anavyosema. Siku tatu, na kupumzika baina yake. Mgongo unapouma kwa namna isiyo ya kawaida, nasimama na kumwambia. Uzito ukiongezeka, unaongezeka kidogo kiasi kwamba mtu asiyenyanyua hawezi kuuona. Siku nisizotaka kwenda, naenda nikakae tu, na mara nyingi nikishakaa nainuka. Futi naitumia kwa wateja. Sasa nachukua kutoka sakafuni uzito mkubwa kuliko ule ulionivunja, mgongo umenyooka, na nikiurudisha chini hauniangukii. Siwezi kusema nafurahi. Kila ninapouinua najua ulitakiwa lini.

Mwezi uliopita mjomba alikuja Ukunda nimshonee kanzu. Nilimwamkia, nikamkaribisha, na kwa kuwa majora ya vitambaa yalikuwa yameziba kiti, niliyanyanyua mawili kwa pamoja nikayaweka kando. Alinitazama.

“Naona mgongo umepona,” alisema.

“Alhamdulillahi.” Nikaona nikinyamaza hapo sitasema tena. “Mjomba, unisamehe. Nilikuachia kazi yangu. Mzee kama wewe, na uzito ule.”

“Uzito gani?”

“Wa mama.”

Alikaa kwenye kiti, akaiweka kofia yake juu ya goti. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu anayetaka kuelewa.

“Dada yangu alikuwa mwepesi,” alisema. “Sukari ilikuwa imemmaliza mwaka mzima. Mie na mjukuu wake tulimpokea kama tunaopokea nguo. Hata mmoja wetu angetosha. Kwani hukumwona?”

Nilisema nilimwona. Nikachukua futi nikaanza kumpima, bega, mkono, urefu, na vipimo vilikuwa vikinitoka kichwani kabla sijaviandika, ikabidi nirudie.

Nilimwona. Mwaka ule mama alikuja kibandani mara mbili, akitoka kliniki, amebeba gauni lake la Idi kwenye mfuko. Mara ya kwanza alisema limempwaya, nikalipunguza ubavuni, nikamtania kwamba anatafuta mchumba. Mara ya pili, baada ya miezi miwili au mitatu, alileta gauni lilelile. Alisimama mbele yangu mikono ameinyoosha, nami nilipiga magoti na pini mdomoni, nikakunja inchi mbili ubavu huu na inchi mbili ubavu ule, na nikaona bado kuna nafasi, nikakunja tena. Aliniuliza kama ninaweza kuacha kitambaa ndani, asije akanenepa tena. Nilimwambia nitaacha. Ilikuwa imekaribia saa kumi, gym inafunguliwa saa kumi, na nilimwomba avue haraka.